Vilima vya Shaba vya Katanga

Ukitoka Lubumbashi kwenda Likasi, kisha ukashika njia ya Fungurume na Kolwezi, msitu wa miombo unakuandama kulia na kushoto. Mara kinajitokeza kilima kisicho na mti hata mmoja: ubavuni nyasi fupi, kileleni mawe yenye kijani cha malakiti. Mgeni hudhani shoka limepita hapo. Kumbe ni shaba. Udongo wa vilima hivi waweza kuwa na zaidi ya miligramu 10,000 za shaba kwa kilo, na miti ya miombo haiwezi kusimika mizizi humo.

Nimepanda milima mirefu zaidi, lakini hakuna ulionishika moyo namna hii. Nenda mvua zinapoelekea kuisha, utakuta Haumaniastrum katangense, kimmea cha jamii ya mrehani kinachojulikana kama ua la shaba, kikichanua zambarau. Huota hata pale wahunzi wa zamani walipoyeyushia madini. Wanaakiolojia walilifuata ua hilo wakakuta mabaki ya tanuru za karne ya 14. Vilima hivi vina aina 600 hivi za mimea, na zaidi ya 30 kati yake hazipatikani kwingine duniani.

Inaishije? Kila mmea unahitaji shaba kidogo. Jani la kawaida likikaushwa lina miligramu 10 hivi kwa kilo. Shaba ikizidi, huzalisha oksijeni kali inayochoma utando wa seli na kuharibu protini. Watafiti waliwahi kutangaza viwango vikubwa mno vya shaba katika majani ya Katanga, lakini utafiti wa 2007 ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya shaba hiyo ilikuwa vumbi tu lililoshikamana na majani. Kwangu mimi, hilo linaizidishia mimea hii sifa: mingi imesimama juu ya sumu tele, ikaizuia isipande.

Siri ya kuhimili madini imo ndani ya jeni, na imesomwa vizuri zaidi kwa mimea ya Ulaya. Arabidopsis halleri haizuii bali hujaza majani yake zinki hadi kupita asilimia 1 ya uzito mkavu. Ina jeni iitwayo HMA4, inayotengeneza protini ya kusukuma zinki na kadimiamu kutoka mizizini kwenda juu. Ndugu yake Arabidopsis thaliana, asiyehimili sumu hizo, anayo jeni hiyohiyo, ila nakala moja tu. Halleri anazo tatu, na zote zinafanya kazi kwa nguvu zaidi. Mwaka 2008 watafiti walipoinyamazisha HMA4 ya halleri, zinki ilibaki mizizini. Katika Silene vulgaris inayohimili shaba, jeni mbili za HMA5 hufanya kazi ya jirani: mojawapo huisukuma shaba ndani ya vakuoli, ghala la seli, isifike kwenye mitambo ya uhai.

Yaani katika mimea hiyo hakuna jeni ya ajabu iliyoshuka kutoka mbinguni. Jeni za kawaida, zilizokuwa zikigawa madini kidogokidogo, zimeongezwa nakala na kuamshwa. Nikiwa juu ya kilima cha shaba, nikiona vingine vikielea mbalimbali ndani ya msitu, naelewa kwa nini mimea ya hapa ni ya pekee: kila kilima ni kisiwa, na mbegu isiyohimili shaba haipewi nafasi ya pili.

Lakini shaba hiyohiyo, pamoja na kobalti, ndiyo inayoviangusha vilima hivi. Kalukuluku, mgodi ambao Wabelgiji waliuita Étoile, karibu na Lubumbashi, ulianza kuchimbwa miaka ya kuzaliwa kwa mji huo, na ndipo maskani pekee yanayojulikana ya mmea uitwao Crepidorhopalon perennis. Kuhamisha udongo na mbegu kumejaribiwa upande wa Fungurume, na nawaheshimu wanaoifanya kazi hiyo. Hata hivyo, vilima vichache vyenyewe vingeachwa vizima, na mchimbaji akaambiwa hapa basi.

Ukienda, mtafute mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi akuongoze, ule bukari, yaani ugali, Likasi, na usichume kitu kilimani.