Majina ya Machimboni

Katika kuandika riwaya kisa hakijawahi kunipa shida. Kwetu Ituri, mashariki ya Kongo, visa havikosekani. Kazi iko kwenye jina. Mwandishi wa Dar es Salaam akimwita mhusika wake Juma, amemaliza, anaendelea na sura ya pili. Mimi nikimpa mtu wa kwetu Djugu jina la babu yake, msomaji wa Bunia atafunga kitabu kwanza aulize: huyu ni wa upande gani? Akishajibiwa hasomi riwaya tena, anatafuta ushahidi.

Nilizaliwa Bambu, kambi ya dhahabu. Dhahabu ya eneo letu la Kilo iligunduliwa mwaka 1903, na kampuni ya Kilo-Moto ilipoundwa mwaka 1926 kazi ilikuwa imeanza zamani. Kambini kwetu waliishi Waalur, Walugbara, Walogo na Wabira, pamoja na Wanyali, Walendu na Wahema wa maeneo yale. Tulisema Kiswahili kwa sababu hakuna aliyeweza kumlazimisha jirani lugha ya mama yake. Baba alikuwa karani wa mishahara. Jioni alinifundisha kusoma kwa daftari lake: namba ya mfanyakazi, jina, kijiji. Namba ndiyo iliyotangulia. Mzee akija nyumbani kudai siku zake hakujitambulisha kwa jina, alitaja namba, na baba alimjibu, "Ndiyo, mzee, keti kwanza." Nikiwa kitandani niliwatungia wale watu wa namba wake zao, madeni yao na magomvi yao.

Nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Vita vya Wahema na Walendu vilipoanza Djugu mwaka 1999, watoto darasani walijua mambo ambayo sisi wakubwa tulikuwa tunayanong'ona. Wageni huwa hawaamini nikiwaambia kwamba Wahema wa kaskazini, tunaowaita Wagegere, wanasema Kilendu, lugha ileile ya Walendu. Kwa hiyo kwenye vizuizi vya wapiganaji barabarani sikio peke yake halikutosha. "Wewe uko kabila gani? Babu yako nani?" Nilijibu maswali hayo huku mikono ikitetemeka, na hadi leo sipendi kumuuliza mtu jina la ukoo wake, hata harusini.

Nilivuka Ziwa Albert kutoka Kasenyi, nikaishia kambi ya Kyangwali, Uganda. Pale nililima mahindi na kuwaandikia wakimbizi wenzangu barua. Hiyo ndiyo shule yangu ya uandishi, kuliko ile niliyosomea. Mama mmoja alinitajia maneno ya kumwambia mumewe, kisha akasema: futa, andika kwamba mbuzi hawajambo. Mbuzi hakuwa nao. Mumewe angeelewa.

Baadaye, Kampala, nilisoma *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Msafara unatoka pwani, unavuka ziwa, unaingia huku kwetu bara. Nadhani msomaji wa pwani humfuata Yusuf, kijana aliye katika msafara huo. Mimi nilimfuata Chatu, yule mtawala wa bara anayewanyang'anya wafanyabiashara mali zao. Ningependa sana kuisoma safari ileile ikisimuliwa kutoka barazani kwake.

Kabla ya hapo nilikuwa nimesoma kitabu kingine kirefu zaidi. Tarehe 8 Julai 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Bosco Ntaganda, kamanda wa wapiganaji katika vita vyetu vya Ituri, na hukumu yenyewe ina kurasa zaidi ya 500. Mashambulizi ya Februari 2003 yamo humo: Lipri, Kobu, Bambu. Kijiji changu kwenye karatasi za Hague! Nilisoma polepole, kamusi pembeni. Lakini mashahidi wengi hawana majina. Wana herufi P na tarakimu nne. Sina ugomvi na majaji, jina lingeweza kumwua mtu. Ila nilijua kwamba baadhi yao nimekaa nao benchi moja kanisani, na niliwatafuta nyuma ya tarakimu zile kama nilivyofanya utotoni.

Dawa ya tatizo langu la majina niliipata machimboni. Kule shimoni hakuna anayedai jina la babu, mtu huitwa kwa vituko vyake. Ndiyo maana riwaya yangu ina Docteur asiyejua kusoma, Brésil aliyewahi kufunga goli moja, na Maman Six Heures anayeuza chai alfajiri.

Siku hizi niko Bunia. Djugu iliwaka tena mwishoni mwa 2017, na tangu Mei 2021 mkoa unatawaliwa na wanajeshi. Bambu siendi ovyo. Riwaya yangu inasomwa hapa zaidi kwa fotokopi, silalamiki sana. Siku moja, kwenye Boulevard de Libération, vijana wawili wa pikipiki walinisimamisha. Wa kwanza alidai Maman Six Heures ni wa kwao, hata ukoo anaujua. Mwenzake, wa upande wa pili, akacheka: mwanamke anayebana sukari namna ile ni shangazi yake kabisa. "Mzee, wewe ndiye uliyeandika, tuambie." Nikawaambia sijui. Hawakuniamini. Waligombania ile sukari mpaka abiria akaja, na yule wa kwanza, akiwasha pikipiki, akauliza kitabu cha pili kinatoka lini, maana anataka kujua kama mama yule alilipwa deni lake la mandazi.