Taa ya bluu ya IST ya bro

Haya jamani, nimerudi. Najua nimepotea muda mrefu, mnisamehe, testi zilikuwa zimebana. Zimeisha jana. Mbili nadhani nimepona, ile ya themodainamiki sitaki hata kuiongelea, na inaniuma zaidi kwa sababu ya hii stori ya leo. Stori yenyewe nimekaa nayo miezi, kila nikitaka kuiandika naona aibu.

Wanaonifahamu wanajua kijiwe chetu cha nyuma ya hosteli, chini ya mwarobaini. Jumamosi asubuhi utakuta magari matatu manne yamefunguliwa bonet na watu kumi wameyazunguka. Wenye magari ni wachache, wengine wote ni washauri. Na majina yetu pale ni ya magari: kuna wa Altezza, kuna wa Brevis, kuna wa Vitz. Mimi naitwa wa IST, ingawa IST si yangu. Ni ya kaka yangu, anapigia teksi za kuitwa kwa simu, na humo ndimo inamotoka hela yangu ya kula bumu likichelewa. Na bumu linachelewa.

Pale tumeshafanya mambo, acheni tu. Tulikata springi za Altezza ili ikae chini, na kweli ikakaa chini, sasa haivuki tuta la getini mpaka abiria wote washuke. Wa Vitz tulimwekea spesa za kunyanyua gari maana kwao ni Goba, mtaani kwao makorongo matupu. Miezi mitatu baadaye buti za sivijointi zikapasuka, kwa sababu ukiinyanyua gari shafti zinaanza kufanya kazi kwa pembe ambayo waliozitengeneza hawakuikusudia. Tukacheka. Wa Vitz mwenyewe akacheka. Kosa pale huwa linachekesha kwa sababu mwenye gari yupo hapo hapo, ndiye aliyeomba, na ndiye atakayelipa.

Bro hakuwepo.

Ilikuwa Agosti 2024. Bro alinilalamikia kwamba feni ya rejeta inawaka mara kwa mara, nikamwambia aniachie gari Jumamosi moja "tuiangalie". Wa Brevis akasema dawa yake ni moja, toa themostati. Hoja yake ilikuwa tamu kweli: hii kitu Wajapani wameiweka kwa ajili ya theluji ya kwao, sasa Dar baridi iko wapi? Hata mafundi wa mtaani wanaitoa. Sote tukaitikia, na mimi wa mwaka wa tatu uhandisi mitambo nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kwa wasioijua, themostati ni mlango mdogo wa maji, unaenea kiganjani. Ndani yake kuna nta. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka humo humo ndani ya injini mpaka ipate moto. Nta ikipata joto inayeyuka, inatanuka, inasukuma mlango, ndipo maji yanaenda kwenye rejeta kupozwa. IST ya bro ina 1NZ-FE, ile ya cc 1,500, na kwenye injini hiyo mlango unaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Sasa mtu mwenye akili zake angejiuliza: kama mlango unasubiri nyuzi 80, hali ya hewa ya Dar yenye nyuzi 30 na kitu inahusiana nini? Kwa injini, Dar na Japani zote ni baridi. Hatukujiuliza. Tulikuwa na spana.

Ilituchukua saa nne, maana lazima uondoe altaneta kwanza ndipo uifikie. Tukafunga, tukajaza maji, tukawasha. Themostati nikaitia mfukoni, baadaye kwenye droo ya chumbani pamoja na madesa ya mwaka wa kwanza.

IST haina mshale wa joto, ina taa tu. Bluu ikiwa injini bado baridi, nyekundu ikichemka. Tangu siku ile taa ya bluu ikawa haitaki kuzima. Bro alikuwa akitoka alfajiri kupeleka abiria uwanja wa ndege, anafika na taa ya bluu bado inawaka. Akanipigia kunishukuru! Eti gari imekuwa baridi safi. Baada ya wiki kadhaa akaanza kusema mafuta yanaisha haraka, nikamwambia labda ni foleni. Kumbe kompyuta ya gari ikiona injini bado baridi inaendelea kumwaga mafuta mengi, kama ukiwasha asubuhi. Hayo nilikuja kuyasoma baadaye, wakati nilipaswa kuwa nimeyajua.

Novemba wota pampu ikaanza kuvuja, bro akaipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Sinza, mtu mzima, ana gereji yake ya uwazi na vijana wawili. Akabadilisha pampu. Kimya.

Januari 2025, mnaijua Januari ya Dar. Saa nane mchana, abiria wanne, AC imewashwa, foleni ya kupandisha Kimara. Taa nyekundu. Bro akasema nifike tu pale mbele abiria washuke. Walishuka, na gari ikashuka nao. Fundi wa jirani alipochomoa kijiti cha oili ilikuwa kama chai ya maziwa, gasketi ya silinda hedi imekwenda, hedi imepinda. Kusawazisha hedi kwenye mashine, gasketi, oili, kazi, jumla laki nne na themanini. Na siku tisa bila kazi.

Sasa hapa ndipo penyewe. Yule fundi wa Kimara alimwambia bro, "Rejeta yako imeziba nusu kwa chumvi ya maji ya kisima, na themostati hamna kabisa." Bro akasema haiwezekani, gari alilinunua kamili. Akafikiri kidogo, akahitimisha: yule mzee wa Sinza ameila.

Nilikuwa naye alipoenda kumsemesha. Yule mzee alikuwa chini ya Noah ya mteja, akatoka akijifuta mikono. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Bro alimwita mwizi mbele ya wateja watatu, kwa sauti. Mzee akasema tu, "Mdogo wangu, mimi niliikuta haipo. Magari mengi yanakuja haipo. Nilidhani mnajua wenyewe." Bro akazidi. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Themostati ilikuwa kwenye droo yangu, kilomita chache kutoka pale.

Nikajipa sababu kibao. Kwamba maji ya kisima bro aliyatia mwenyewe. Kwamba angesimama taa ilipowaka, hedi isingepinda. Na ni kweli, yote hayo ni kweli. Ila gari ilikuwa imerudi barabarani bila themostati, maana hela ilikwisha na fundi alisema hiyo mtanunua baadaye, na kila usiku bro akichelewa kurudi mimi silali.

Kilichonimaliza ni jagi la umeme. (Ndiyo, ni marufuku hosteli, tusitajane.) Niliazima kipimajoto kwa jamaa wa kemia, nikaitumbukiza themostati kwenye maji, nikawasha. Nyuzi 60, imefunga. 75, imefunga. 82, ikaanza kuachia taratibu kama mtu anayefumbua macho. Nzima kabisa, haikuwahi kuwa na tatizo. Na nilipoiangalia vizuri nikaona ina kisahani cha pili kwa chini. Mlango wa juu ukifunguka kuelekea rejeta, kile cha chini kinaenda kuziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupozwa. Tulipoitoa, njia ya mkato ikabaki wazi. Ndiyo maana gari ikiwa haina kazi inakuwa baridi kupita kiasi, halafu siku ya mlima, abiria wanne na AC, sehemu ya maji ya moto inarudi ilikotoka hivyo hivyo, na rejeta yenyewe nusu imeziba.

Nilimwambia bro usiku ule, ndani ya gari, nikiwa nimeishika mkononi. Nilitegemea atanipiga. Alikaa kimya muda, akasema, "Kwa hiyo yule mzee nilimtukana bure."

Asubuhi tukaenda Sinza. Bro aliomba radhi, na alikuwa ameomba vijana wa gereji wasogee wasikie, hilo nampa heshima zake. Mzee hakusema yameisha wala hayajaisha. Alinyoosha mkono apewe themostati, akaigeuza, akasema nzima hii, nendeni mkanunue mpira wake. Akaifunga mwenyewe, mimi nikiwa nimeshika tochi. Kabla ya kuikalisha akaniuliza, "Hiki kidude kinachochezacheza kinakaa juu au chini?" Sikujua. "Juu," akasema, "hewa ipite." Akatusafishia na rejeta, akatutoza bei kamili, akaagiza tutie kulanti na siyo maji ya kisima. Bro akalipa, hakuomba apunguziwe.

Tuliwasha pale gereji, taa ya bluu ikawaka. Nikawa naihesabia. Ilizima kabla hatujafika Shekilango. Bro aliiona, najua aliiona, lakini alinyoosha mkono tu akawasha AC.

Deni langu kwake ni laki nne na themanini, nimelipa elfu themanini kwenye bumu lililopita. Na Jumamosi iliyopita wa Vitz alikuja kijiweni anasema feni yake inawaka mno, wa Brevis akaanza kufungua mdomo. Nikamwambia wa Vitz apande kwanza tukamsalimie mzee mmoja Sinza.

Basi, nina lab saa nane na sijala.