Si Kila Kutetemeka ni Malaria

Nilizaliwa Kashikishi, wilayani Nchelenge, Zambia. Ufukweni kwetu, na kisiwani Kilwa pia, mtu akitetemeka haulizwi anaumwa nini: ni malaria. Nilianza uuguzi hukohuko kando ya Ziwa Mweru, nikitundika dripu na kutafuta mishipa kwenye mikono iliyokauka kwa homa. Kiswahili nilikikomaza kwa wagonjwa waliovuka ziwa kutoka Kongo.

Baadaye nilihamia mjini, kitengo cha kusafisha damu. Huko nilikutana na mpira wa shingoni, mrija mnene unaopitishwa kwenye vena kubwa hadi karibu na moyo. Huingizwa kwa kufuata waya, mbinu aliyoieleza Sven-Ivar Seldinger wa Sweden mwaka 1953. Wakati wa kuuweka, sindano yaweza kutoboa ateri au pafu, na waya ukigusa moyo, mapigo huvurugika. Mara nyingi hayo hujitokeza mapema, daktari angali karibu. Nililojifunza kuliogopa zaidi ni lile la baadaye: vijidudu.

Namkumbuka mvuvi mmoja wa kwetu ambaye malaria kali ilikuwa imezizima figo zake. Alifika akitembea mwenyewe, mpira ukiwa shingoni, akisimulia habari za nyavu. Tulipomuunganisha na mashine ya kusafisha damu, haikupita saa moja meno yakaanza kugongana. Blanketi mbili hazikumtosha.

"Sista, malaria imerudi," alisema kaka yake.

"Tutampima, kaka. Lakini niambie, nyumbani alitetemeka?"

"Hapana. Ni hapa tu, hata mara iliyopita."

Niliinua bandeji. Ngozi ilikuwa nyekundu, na ukingoni mwa tundu usaha ulichungulia. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Damu inapopita kwenye mrija wenye maambukizi, vijidudu vilivyoganda ndani husukumwa mwilini. Ndiyo maana baridi ilimshika mashine ilipoanza. Tulichukua damu ya kuotesha vijidudu, kutoka kwenye mpira na mkononi, kisha akaanzishiwa antibiotiki. Mpira ulitolewa akiwa amelala chali kabisa, kwani mgonjwa akiwa ameketi, hewa yaweza kuvutwa ndani ya mshipa na kumuua. Alipona, na figo zake zikarudia kazi.

Maambukizi kama hayo huzuilika. Mwaka 2006, daktari Peter Pronovost na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao ya kuyazuia katika vyumba vya wagonjwa mahututi huko Michigan, Marekani. Walihimiza mambo matano: kunawa mikono, kuvaa nguo safi zilizotakaswa na kumfunika mgonjwa kwazo, kupaka klorheksidini, kuepuka mshipa wa kinena, na kuondoa mpira usiohitajika. Maambukizi ya damu yalipungua kwa hadi asilimia 66. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai mashine ya bei kubwa.

Wauguzi wenzangu, mgonjwa mwenye mpira akitetemeka, mpimeni malaria, lakini fungueni bandeji saa hiyohiyo. Na kila asubuhi mwulizeni daktari kama mpira bado una kazi. Kama hauna, utolewe leo.