Uji unaochemka bila moto

Haya wasomaji, leo siasa tuipumzishe kidogo. Nataka tuongee pombe. Sio ya chupa, hiyo wataalamu wake mko wengi! Naongelea ujimbi, pombe ya nafaka ya Wagogo, ambayo nimeipika kwa mara ya kwanza maishani hapa Kikuyu, Dodoma, si mbali na Chuo Kikuu cha St. John's, chini ya usimamizi mkali wa mama mmoja jirani yangu. Mama huyu amesomesha watoto wanne kwa pombe. Mimi kazi yangu ni kuuliza "kwa nini", na yeye jibu lake ni moja: "Ndivyo inavyofanywa, mwanangu." Basi ikawa mchana napika naye, usiku nasoma nijue kwa nini ndivyo inavyofanywa.

Hebu tuanze na zabibu, maana Dodoma ndiyo nyumbani kwake. Ukiponda zabibu za Hombolo au Makutupora ukaziacha kwenye chombo, zitachachuka zenyewe. Sukari imo ndani tayari. Chachu, ambayo ni kiumbe hai kidogo kisichoonekana kwa macho, inaila sukari hiyo na kutoa vitu viwili: kileo, na ile hewa ya kabonidayoksaidi inayoleta mapovu. Mtama hauna bahati hiyo. Mtama una wanga, na chachu yetu haijui kula wanga. Ukipika uji mtupu ukausubiri ulewe, utasubiri sana.

Hapo ndipo kinapoingia kimea. Punje ikilowekwa na kuanza kuchipua inajiandaa kuwa mmea, kwa hiyo inatengeneza vimeng'enya vya kuukata wanga uwe sukari, mche mchanga upate chakula. Mama anaziacha punje zichipue chini ya gunia bichi, halafu siku ya tatu anazianika juani kabla mche haujala akiba yote. Kwa kifupi tunamnyang'anya mtoto uji wake (samahani kwa mfano huo, lakini ndivyo nilivyoelewa mimi).

Sasa jambo lililonikosesha usingizi ni hili. Kwa nini tupike uji kwanza, tuuache upoe, ndipo tutie unga wa kimea? Kwa nini tusichemshe vyote pamoja tukaokoa kuni? Nilipomuuliza mama alicheka tu. Kumbe wanga wa mtama haufunguki vizuri mpaka joto lifike kama nyuzi 70, na vimeng'enya vya kimea navyo huanza kuharibika kwenye joto hilo hilo! Yaani moto unaomfungulia mmoja mlango unamuua mwenzake. Wenye viwanda vya bia ya shayiri hawasumbuki sana na hili, kwa kuwa wanga wa shayiri hulainika kwenye joto la chini zaidi. Huku kwetu dawa ni kufanya kwa zamu. Na kipimajoto cha mama ni kidole chake: kikivumilia, tia kimea.

Nilishuhudia mwenyewe. Uji uliokuwa ukisimamisha mwiko, baada ya muda ukawa mwepesi kama maji ya kunde, na nilipoonja ulikuwa mtamu wakati sukari hatujatia hata kijiko. Hapo bado ni togwa, hata mtoto anakunywa. Tukauacha ulale. Usiku ule bakteria wanaotengeneza asidi ya maziwa, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi, wakauchachusha. Uchachu huo una kazi yake, kwani vijidudu vingi vya kuharibu tumbo haviupendi.

Na chachu yenyewe inatoka wapi? Hamira ya dukani mama hatumii. Inakuja na kimea, na nyingine imejificha kwenye mtungi wake mkongwe ambao ni marufuku kuusugua kwa sabuni. Ilikuwa Julai, na wa Dodoma mnaijua baridi ya Julai usiku, basi mtungi ukavikwa blanketi kama mgonjwa. Kifuniko kiliegeshwa tu, hewa ipate pa kutokea. Asubuhi nilikuta unatokota, bloku bloku bloku, na moto ulishazimwa tangu juzi.

Wakati nasoma nikakutana na kitu kilichonifanya niamke kitandani. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alichunguza pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki, akapata humo chachu ambayo haizai kwa kuchipuza kijitoto pembeni kama nyingine, bali inajikata katikati. Akaipa jina Schizosaccharomyces pombe. Ndiyo, pombe, Kiswahili kabisa! Kwa kuichunguza chachu hiyo, Mwingereza Paul Nurse alifahamu jinsi seli zinavyoamua kugawanyika, zikiwemo zetu binadamu, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu walioshinda Tuzo ya Nobel ya tiba. Mama aliyepika pombe ile iliyochunguzwa sijamkuta kwenye kitabu chochote. Nilipomsimulia jirani yangu aliuliza kitu kimoja tu: "Na yeye walimlipa?"

Ila msidhani kazi hii ni kungoja mapovu tu. Muda mrefu kuliko wote mama aliutumia kwenye ungo, akichambua punje moja moja. Nafaka yenye unyevu ndiyo makao ya kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu ambayo kuchemsha hakuimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwenye kimea chetu sehemu moja ya gunia ilikuwa haikukauka vizuri, punje zimeota ukungu wa kijani. Mimi niliona konzi moja mbaya. Mama aliona sado nzima, maana zilikaa pamoja. Sado ile ilikuwa hela ya daftari za mjukuu, naye alilijua hilo kuliko mimi. Aliibeba, akachimba shimo nyuma ya choo na kuifukia, kisha akaburuta jiwe juu yake ili kuku wasifukue.