Kutafuta pho, kutoka St. Paul hadi Roret

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala kuhusu hifadhidata, na itakuja, msijali. Lakini leo naomba tuweke kompyuta kando. Hapa mmezoea kusoma neno "kiungo" kwa maana ya kitu cha kubofya. Viungo vya leo ni vya kutia sufuriani.

Nianze mbali kidogo. Kuanzia 2015 hadi 2022 niliishi St. Paul, jimbo la Minnesota, Marekani, nikiandika programu za kuhesabu mizigo kwenye maghala. Mimi ni mtoto wa Roret. Nimeamka alfajiri kuchuma majani chai yakiwa yamelowa umande, vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo nilidhani baridi naijua. Wapi! Januari ya Minnesota inaweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Ukitoka nje, pua inaganda kwa ndani.

Katika baridi ile sikutamani ugali wala nyama choma. Nilitamani supu. Kwetu supu ni mifupa iliyokaa motoni tangu asubuhi, na mzee akiwepo, atatia mizizi na maganda ya miti mpaka iwe chungu kidogo. Unakunywa, kifua kinafunguka, jasho linatoka. Nilijaribu supu za makopo za supamaketi. Zile ni uji wenye chumvi, tusidanganyane.

Siku moja mtu wa ofisini akaniambia nijaribu supu ya Kivietinamu yenye tambi. Inaandikwa pho. Ukiitamka "foo" watakucheka. Ni karibu na "fa" inayoshuka kidogo kisha ikapanda, kana kwamba unauliza swali. Nikaenda mahali karibu na kazini, katikati ya mji. Bakuli lilifika kabla sijavua koti. Mchuzi ulikuwa mtamu kama soda, una ukungu, na tambi zimeshikana bonge moja. Nikalipa, nikajisemea basi, haya mambo ya pho ni kelele tu.

Aliyeniokoa ni muuguzi mmoja kutoka Bomet, tuliyekuwa tukisali naye kanisa moja. Alicheka sana. "Sasa wewe unatafuta mursik kwenye hoteli ya watalii? Twende kwa wenyewe." Jumamosi hiyo tukapanda treni ya Green Line, ile iliyoanza kazi mwaka 2014 kuunganisha St. Paul na Minneapolis, tukashuka University Avenue. Ni barabara ndefu, na upande wa magharibi wa jengo la bunge la jimbo kuna maduka na vihoteli vingi vya Wavietinamu, Wahmong na watu wengine wa kusini-mashariki mwa Asia. Wengi wao, au wazazi wao, walifika Marekani kama wakimbizi baada ya vita kuisha mwaka 1975.

Kihoteli tulichoingia kilikuwa na meza za plastiki na kalenda ya mwaka uliopita ukutani. Bibi mmoja alikuwa jikoni, mjukuu wake anahudumia huku anafanya homuweki. Bakuli likaja likifuka moshi. Mchuzi ulikuwa safi, unaona hadi tambi za chini, na juu yake vijiduara vya mafuta vinaelea. Nyama mbichi iliyokatwa nyembamba kama karatasi ilikuwa inaivia humo humo mbele ya macho yangu. Kando, sahani ya majani mabichi, ndimu, pilipili na chipukizi za maharagwe.

Nikanyoosha mkono kuchukua chupa ya sosi. Yule muuguzi akanipiga kofi la mkono. "Onja kwanza!"

Nikaonja. Jamani... Nilinyamaza kama dakika mbili. Ilikuwa mifupa iliyokaa motoni tangu asubuhi. Halafu nyuma yake kulikuwa na kitu kama ganda la mti. Nilimuuliza yule mjukuu ni nini, akaniambia ni mdalasini, na kingine kikavu chenye umbo la nyota ya ncha nane.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kutafuta. Mnanijua, kitu nikikipenda lazima nikifungulie jedwali. Nilizunguka vihoteli kumi na kimoja vya St. Paul na Minneapolis nikiandika alama. Nikupe matokeo kwa ufupi, yatakufaa popote ulipo:

1. Onja mchuzi mtupu kabla ya kutia chochote. Mchuzi mbaya hufichwa na sosi.
2. Uwe wa moto kweli kweli. Nyama mbichi isipobadilika rangi, rudisha.
3. Uwe safi. Ukungu maana yake walichemsha kwa pupa.
4. Angalia nani anakula humo. Ukiona wazee wa kwao na wajukuu, kaa.
5. Agiza na springi roli.

Namba tano ina sababu. Huku kwetu springi roli tunaijua kama ndugu wa sambusa, kabichi na karoti ndani ya ngozi ya ngano. Za Wavietinamu ni za aina mbili. Ya kukaangwa huitwa chả giò kusini na nem kaskazini, na kwa kawaida huviringishwa kwa karatasi ya unga wa mchele, ndani kuna nyama ya nguruwe ya kusaga. Ya pili, gỏi cuốn, haikaangwi kabisa. Karatasi ile inalowekwa majini, inajazwa kamba, majani mabichi na tambi, unachovya kwenye sosi. Hoteli ikiwa na mkono mzito kwenye roli, hata supu yake uiogope. Katika jedwali langu kanuni hii ilikosea mara moja tu.

Sasa sikilizeni jambo lililonivutia mimi kama mtu wa programu. Nilidhani kuna pho moja halisi mahali fulani, na kazi yangu ni kuifikia. Haipo. Pho ilijulikana mwanzoni mwa karne ya 20 huko kaskazini, Hanoi na Nam Dinh, wakati wa ukoloni wa Wafaransa. Inaelezwa kwamba Wafaransa walitaka nyama ya ng'ombe, mifupa ikabaki, wenyeji wakajua la kuifanyia. Mwaka 1954 nchi ilipogawanywa, mamia ya maelfu ya watu wakahamia kusini, na supu ikaenda nao. Kule Saigon ikaongezewa majani, chipukizi na utamu kidogo. Baada ya 1975 ikapanda meli na ndege hadi Marekani, Ufaransa, Australia. Kila mahali mpishi alitumia alichokipata.

Yaani ni programu huria! Kila aliyehama alibeba nakala, akairekebisha iendane na mashine aliyoikuta. Hakuna aliyeomba ruhusa, na bado wote wanaiita pho.

Nilielewa hayo kichwani tu. Kuyaelewa tumboni kulikuja baadaye.

Mwaka 2022 baba alifariki. Nilirudi Roret kwa mazishi nikiwa na tiketi ya kurudi baada ya wiki tatu. Sikuitumia. Sababu ni mama. Alikuwa anapika kama kawaida, anapakua kama kawaida, halafu anakaa kando ya sahani mpaka chakula kinapoa. Majirani walileta kimyet, mboga, mursik. Alishukuru, "kongoi, kongoi," na akaonja tu. Nguo zikaanza kumpwaya. Ukimuuliza anasema ameshiba. Zahanati walimpima, hawakuona ugonjwa. Dadangu akasema kwa simu, "Wewe uko hapo, fanya kitu." Nifanye nini? Mimi najua kompyuta.

Kampuni ilikubali nifanye kazi kutoka nyumbani. Wakati wa baridi kwao, saa tatu asubuhi ya St. Paul ni saa kumi na mbili jioni ya Roret, kwa hiyo zamu yangu ni usiku. Usiku mrefu, jiko la makaa liko karibu, na mifupa buchani Litein si ghali. Nikasema ngoja nijaribu.

Toleo la kwanza lilikuwa aibu. Sikuwa na ile sosi ya samaki ambayo hutengenezwa kwa samaki wadogo na chumvi vilivyokaa pamoja miezi mingi. Nikajiona mjanja, nikatia omena. Supu ikawa chungu, ikavurugika, na nyumba nzima ikanuka. Mama, ambaye samaki hajawahi kumzoea, alifungua madirisha yote bila kusema neno. Tulimpa mbwa. Mbwa naye alifikiria kwanza.

Toleo la pili nililifanya polepole. Mifupa unaichemsha dakika kumi, unamwaga maji yale, unaiosha, unaanza upya na maji safi ya baridi. Hapo ndipo mama alipotoka sebuleni.

"Unamwaga supu?"

"Ni uchafu, mama. Inayokuja ndiyo supu."

Akavuta kigoda akakaa. Nadhani alitaka kuona nitaharibu nini kingine. Nikachoma tangawizi na vitunguu juu ya makaa mpaka maganda yakawa meusi (hapa Roret inashinda St. Paul, jiko la umeme halikupi moshi ule). Nikakaanga mdalasini na karafuu bila mafuta. Zile nyota nilizipata kwenye duka la viungo Kericho mjini.

Mama akachukua kijiti cha mdalasini, akakivunja, akanusa. "Hiki si ganda la mti?"

"Ndiyo."

"Baba yako alikuwa anatia maganda kwenye supu."

"Najua, mama."

"Hukujua kwamba yeye pia alikuwa anayachoma kwanza. Ulikuwa mdogo."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja baba bila kulia. Akaendelea kusimulia: mti upi, nani alimfundisha, siku aliyozidisha wageni wakakimbilia choo. Mkutano wangu wa saa mbili usiku nilihudhuria nikiwa nimezima sauti, sikio moja huku na moja kule. Supu ilikaa motoni saa saba.

Ndengu nilikuwa nimeziotesha kwenye kitambaa chenye maji, siku nne. Ndiyo, zile chipukizi za hotelini hutokana na ndengu zetu hizi hizi! Dania tunayo shambani. Tambi za mchele nilizituma kutoka Nairobi kwa matatu. Karatasi za roli sikupata, nikatumia ngozi za sambusa, na badala ya sosi ya samaki nikaponda nanasi letu la Roret na pilipili na chumvi.

Mama aliziangalia zile tambi. "Hizi minyoo kula wewe." Akazisukuma kando, akamega kimyet cha mchana, akachovya kwenye mchuzi. Akachovya tena. Bakuli likaisha. Akaomba la pili, "bila vitu virefu." Roli alikula tatu.

Sikulala usiku ule, na si kwa sababu ya kazi.

Sitaki kuwadanganya kwamba supu ilitibu msiba. Kuna wiki zilirudi kuwa mbaya. Lakini tulikuwa na Jumamosi, na Jumamosi alikula. Nilimwambia jinsi inavyotamkwa, kama swali, sasa anaiita "supu ya kuuliza". Na moto anausimamia yeye, anasema mimi nachochea sana.

Je, hiyo ni pho? Haina samaki, haina tambi, inaliwa na kimyet. Yule bibi wa University Avenue angecheka. Lakini nadhani angeonja kwanza kabla ya kutia chochote.

Haya, makala ya hifadhidata wiki ijayo, naahidi. Na kama unajua kihoteli Nairobi chenye wazee na wajukuu wa Kivietinamu mezani, niandikie. Jedwali langu bado lina safu tupu.