Asumini katika Nchi Kavu

Sisi tukaao Nkuhungu, jijini Dodoma, hatuishi katika nchi ya asumini. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hadi Aprili, na ua tulijualo sana ni la mbuyu: jeupe, huning'inia kichwa chini, hufunguka jioni, hunyonywa na popo, na kesho yake huanguka. Lakini mashairi tuyasomayo darasani yamejaa asumini na mawaridi ya pwani. Mwanafunzi akiulizwa maana hujibu upesi kwamba ua ni mpenzi. Mwalimu humpa alama, nasi twaona kuwa hapo ndipo maarifa yanapopotea.

Kwa watu wa Unguja, Mombasa na Lamu, ua lilisema kwa harufu kuliko kwa rangi. Asumini hufunguka jua likichwa. Basi wanawake walizichuma zingali changa, wakazitunga uzini, au wakazifunga pamoja na mrihani na waridi kuwa kikuba cha kuvaliwa nyweleni au kifuani. Nyingine zilimwagwa kitandani mwa maharusi. Hata kutokuwapo kwake kulikuwa na maana: mjane aliye katika eda, miezi minne na siku kumi, hajipambi wala hajitii manukato. Kwa hiyo mshairi aliyetaja asumini hakutaja uzuri tu. Alitaja usiku, ndoa, na ruhusa.

Waingereza wa enzi ya Victoria (1837–1901) walichapa vitabu vizima vya kufasiri maua. Pwani, pua ilitosha.

Waridi limetufikia kwa njia nyingine pia. Katika litania ya Wakatoliki, Bikira Maria hufananishwa na waridi la fumbo. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alilichukua jina hilo la Kilatini kuita riwaya yake Rosa Mistika (1971), habari za msichana aliyebanwa mno na babaye, kisha akapotea alipopata uhuru. Asiyejua asili ya jina hukosa nusu ya uchungu wa kitabu.

Siku hizi kumbi za harusi hupambwa kwa maua ya plastiki, ambayo hayanyauki wala hayanukii. Kwa kipimo cha watu wa pwani wa zamani, hayasemi neno. Nyumbani kwetu tumepanda mwasumini mmoja kando ya ua wa miti, nao hunyweshwa maji yaliyooshea vyombo. Wanafunzi wakija jioni hunusa kwanza, ndipo tufungue shairi.