Upepo Baada ya Maji: Kuosha na Kukausha Magari Arua na Koboko

Msafiri atokaye Kampala kwenda Nili Magharibi huvuka Mto Nili mara mbili, kwanza Karuma na kisha Pakwach, ndipo apande kupitia Nebbi mpaka Arua. Ni safari ya karibu kilomita 500. Afikapo, gari lake huwa limebeba habari za njia nzima: wadudu waliogonga kioo cha mbele, tope lililokauka chini ya mabawa ya magurudumu, na vumbi jekundu lililopenya kila upenyo. Jambo alitafutalo dereva mwenye kujali kazi yake, baada ya chai na chapati, ni mahali pa kuoshea gari.

Arua, iliyopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, ni mji wa magari ya kila namna. Malori ya shehena yaendayo Sudan Kusini na Kongo, mabasi ya usiku, magari meupe ya mashirika yanayowahudumia wakimbizi wa Rhino Camp na Imvepi, pikapu za polisi, magari ya jeshi na pikipiki za bodaboda zisizohesabika, yote hukutana hapo. Na palipo na magari mengi hapakosi vijana wenye ndoo, sabuni, pampu na mpira wa maji. Kazi yao haihitaji ofisi wala cheti. Yahitaji mikono, maji na uaminifu. Kijana aifanyaye vema hupeleka unga na chumvi nyumbani jioni.

Lakini kuosha ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kukausha, nayo ndiyo husahauliwa. Aghalabu mazungumzo huwa kama haya:

“Afande, gari li tayari.”

“Bado, mwanangu. Hebu fungua mlango, kisha uufunge.”

Kijana huufungua na kuufunga, na mara maji yaliyojificha nyuma ya kioo cha pembeni na chini ya mpira wa mlango huchuruzika juu ya rangi iliyokwisha kufutwa. Michirizi hiyo hunasa vumbi la kwanza lipitalo, na gari lililotoka kuoshwa sasa hivi huonekana kana kwamba limelia machozi mekundu.

MADHARA YA MAJI YALIYOBAKI

Wako wasemao kwamba jua la Nili Magharibi latosha kukausha gari lolote. Ni kweli kwamba jua hukausha, lakini halichagui. Huondoa maji na kuacha vyote vilivyokuwa ndani ya maji. Maji ya kisima aghalabu huwa na chokaa na madini mengine, na tone linapokauka juu ya boneti yenye moto huacha alama nyeupe ya mviringo. Alama hizo zikirudiwa wiki baada ya wiki hushika rangi, na hapo sabuni pekee haiziondoi.

Hasara ya pili ni kutu. Chuma huliwa kikutanapo na maji na hewa kwa pamoja, na hakuna mahali ambapo hao wawili hukaa kwa starehe kama katika maungio ya mabati, ndani ya bawaba za milango, nyuma ya kibao cha namba na kuzunguka kokwa za magurudumu. Udongo ulioingia humo hushika unyevu kama dodoki. Nje gari hung’aa; ndani linaliwa kimya kimya. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hasara ya tatu hutokana na kitambaa chenyewe. Vumbi la barabara za kifusi lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi ya gari. Tambara lililoanguka chini likakung’utwa mara moja, kisha likasuguliwa juu ya mlango, hufanya kazi ya msasa. Mikwaruzo midogo haionekani siku ile. Huonekana baada ya mwaka, jua la jioni linapoangaza ubavu wa gari na kufichua mizunguko elfu ya mkono uliosugua.

Hapo ndipo ifaapo hewa. Hewa isukumwayo kwa nguvu huondoa maji bila kugusa rangi, na huingia mahali ambapo kidole na kitambaa haviwezi kuingia. Katika nchi za Ulaya na Marekani, sehemu za kuoshea magari kwa mitambo zina mapangaboi makubwa yanayopulizia gari linapotoka kwenye maji. Mashine ndogo ya kushika mkononi ni mdogo wake pangaboi hilo, nayo yatosha kwa karakana ya kijana mmoja.

MASHINE MBILI, KAZI MBILI

Yafaa kutofautisha mashine mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni mashine ya kupuliza hewa, ile yenye mdomo mpana, iendeshwayo kwa umeme au petroli. Hiyo hutoa hewa nyingi yenye shinikizo dogo, nayo husukuma maji kwenye paa, vioo na boneti kama ufagio usio na nyuzi. Ya pili ni kompresa, ile ya mafundi wa kujaza upepo katika matairi. Hiyo hutoa hewa kidogo yenye shinikizo kubwa, nayo yafaa kwa nyufa: tundu la ufunguo, ukingo wa taa, nyuma ya vioo vya pembeni.

Kompresa yataka heshima. Tangi lake hukusanya maji chini, na sharti yafunguliwe na kumwagwa, la sivyo fundi atakausha maji kwa kumwaga maji. Nyingine hutoa pia ukungu wa mafuta unaoacha utando juu ya kioo. Zaidi ya hayo, upepo wa kompresa waweza kupasua ngozi, kutoboa ngoma ya sikio na kutupa mchanga jichoni. Kanuni za usalama kazini za Marekani zimeweka mpaka: hewa ya kusafishia isifike pauni 30 kwa kila inchi ya mraba, hali kompresa za matairi aghalabu hupita 100. Kwa hiyo shinikizo lipunguzwe, macho yavikwe miwani, na kamwe mtu asijipulize mwilini au kumpulizia mwenzake kwa mzaha. Watoto wanaokuja kumletea baba chakula wakae mbali.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Gari lioshwe kivulini, chuma kikiwa kimepoa. Baada ya suuza ya mwisho, mpira wa maji uondolewe kichwa chake, maji yateremke polepole kutoka paani. Matone hujiunga na kuteleza yenyewe, na kazi ya hewa hupungua. Kisha upulizaji uanze juu, paa na vioo, ushuke kwenye boneti na ubavu, umalizie kwa magurudumu. Mdomo wa mashine uelekezwe kwa mshazari, usikaribie mno rangi. Milango na kifuniko cha mafuta vifunguliwe, vipulizwe, vifungwe. Matone machache yaliyobaki huguswa kwa kitambaa safi na laini, kwa kukilaza na kukivuta, si kwa kusugua.

Kwa pikipiki, hewa isielekezwe moja kwa moja kwenye bearingi za magurudumu, kwani huweza kusukuma maji na mchanga ndani ya grisi. Mnyororo ukishakauka utiwe mafuta siku hiyo hiyo. Na kwa magari yote kuna jambo moja ambalo hewa hailitimizi: breki zilizolowa. Dereva atokapo na aende mwendo mdogo, akanyage breki kwa upole mara kadhaa mpaka zishike sawasawa, kabla ya kuingia barabara kuu.

TATIZO LA ARDHI NYEKUNDU

Mgeni anunuaye mashine ya kupuliza na kuifikisha Nili Magharibi hugundua jambo ambalo muuzaji hakumwambia. Kuanzia Desemba mpaka Machi nchi hukauka, na ardhi huwa unga mwekundu. Akiwasha mashine katika uwanja wa udongo, upepo ule ule unaofukuza maji huamsha vumbi, na vumbi hukimbilia gari lililolowa. Kazi ya saa nzima huharibika kwa dakika mbili.

Dawa si mashine kubwa zaidi. Dawa ni sakafu. Uwanja wa saruji, au walau kokoto zilizopangwa na kushindiliwa, wenye mteremko mdogo na mfereji, hugeuza mashine kuwa na maana. Kijana mwenye fedha chache atapata faida zaidi akianza na sakafu, kisha mashine, kuliko akianza na mashine juu ya vumbi.

UMEME NA MTO

Kuna sababu nyingine iliyofanya ndoo na tambara zitawale muda mrefu. Kwa miaka mingi Nili Magharibi haikuunganishwa na gridi ya taifa. Kuanzia mwaka 2003 kampuni ya umeme wa vijijini ya eneo hilo ilitegemea jenereta, na mwaka 2012 kituo cha maji cha Nyagak, chenye uwezo wa megawati 3.5, kikaanza kazi. Umeme huo uligawanywa kwa miji mingi, na kukatika kwake kulikuwa jambo la kawaida. Mwaka 2024 laini ya kilovolti 132 itokayo Kole kupitia Gulu na Nebbi iliifikisha gridi ya taifa Arua. Tangu hapo mtu mwenye mashine ya umeme anaweza kupanga kazi yake kwa matumaini zaidi.

Na hapa ndipo jambo la mashine ndogo linapogusa jambo kubwa. Mwoshaji asiye na umeme wala bomba huvutwa na mto, kwa kuwa mtoni maji ni bure. Mto Enyau unaopita Arua ndio pia unaochotwa maji ya mabomba ya mji. Gari likioshwa kingoni, mafuta ya injini, grisi na sabuni huteremka mtoni, na mto hauulizi ni mali ya nani. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinalinda kingo za mito na ardhi oevu, lakini askari hawezi kusimama kila kivuko.

Mashine ya kupuliza haifanyi kazi kwenye matope ya kingo za mto. Yataka umeme, sakafu na paa. Anayeamua kukausha kwa hewa huamua pia, hata bila kujua, kupanda kutoka mtoni mpaka mahali penye mfereji. Akichimba shimo la kuchuja, lenye sehemu ya kutuliza mchanga na sehemu ya kuzuia mafuta yanayoelea, atakuwa amewatendea mema jirani zake kuliko alivyomtendea mwenye gari.

Hata hivyo umeme na maji si marafiki. Waya usilazwe kwenye maji bali utundikwe. Soketi iwe juu, yenye waya wa ardhi na swichi ya kukata umeme wenyewe. Na mtumiaji avae viatu vya mpira, si kandambili wala miguu mitupu. Mashine hizi zina kelele pia. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kwa siku ndiyo mpaka ambao wataalamu wa usikivu hawapendi uvukwe. Vizibo vya masikio ni bei ndogo kuliko masikio.

NJIA YA KOBOKO

Kutoka Arua barabara huelekea kaskazini kupitia Maracha mpaka Koboko, mwendo usiotimia kilomita 60. Barabara nzima itokayo Vurra, kwenye mpaka wa Kongo, hadi Oraba, kwenye mpaka wa Sudan Kusini, ni kilomita 92, na sasa ni lami. Wazee wa usukani wanakumbuka ilipokuwa kifusi, ambapo gari lililooshwa Arua asubuhi liliingia Koboko likiwa na rangi ile ile ya udongo, hata liwe jeupe au buluu.

Koboko umekaa pembeni mwa nchi tatu. Mahali paitwapo Salia Musala ndipo mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini hukutana, na Mlima Liru huonekana ukilinda nchi ya Wakakwa. Sokoni, Kikakwa, Kinubi, Kilugbara na Kiswahili hupishana. Malori yaelekeayo Oraba na Kaya hupumzika hapo, na madereva husubiri karatasi zao. Wakati wa kusubiri ni wakati wa kuosha.

Lakini hatua chache nje ya lami udongo mwekundu ungalipo, na maji wakati wa kiangazi huhesabiwa kwa madumu. Hapo busara ni kutumia kidogo na kukausha vema. Mama ajazaye dumu kisimani kwa zamu hafurahi kuona maji ya jikoni yakimwagwa juu ya matairi. Ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa, hutosha gari dogo likiwa halina tope zito. Na pasipo umeme, mashine ya petroli hufaa, mradi iwashwe mahali pa wazi, moshi wake usiingie nyumbani.

Jioni, jua likishuka upande wa Kongo, dereva hurudi kulichukua gari lake. Kijana amekwisha kuzima mashine na anakunja waya. Hakuna haja ya maneno mengi wala ya kusifu mng’ao wa boneti, kwani mng’ao hata tambara chafu hulileta kwa saa moja. Dereva mzoefu hufanya jambo moja tu: hufungua mlango, kisha huufunga kwa nguvu, na kutazama chini ya kioo cha pembeni. Lisipodondoka tone, hutoa malipo yake, na kesho huleta gari la mwenzake.